Kilemba Nilichopokea kwa Mikono Miwili

Kariakoo, Dar es Salaam

Mdogo wangu Atija,

Assalaam alaikum. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Na lile hema, wamelibadilisha kabla ya mvua au bado mnakinga maji kwa ndoo? Mjukuu wako, mtoto wa Anchia, ameanza kukaa? Mimi ni mzima kwa kadiri ya uzee wangu. Macho yananiruhusu kusoma asubuhi, mchana yanaomba udhuru. Ningependa kukawia kwenye salamu kama tulivyozoea, lakini safari hii barua yangu inashindana na mtu, na mtu huyo ameshatangulia.

Kwa hiyo naanza na neno lenyewe. Usiolewe na Amade. Akija hapo kambini mlikokimbilia akakuambia kwamba kaka yako amekubali, na kwamba kilemba amekipokea mbele ya mashahidi, atakuwa anasema kweli. Nilikipokea. Sasa nataka ujue nilivyokipokea, na nilichokuja kukijua baadaye.

Nimeandika kwa kalamu badala ya kukupigia kwa sababu simu unayotumia alikununulia yeye, na laini imesajiliwa kwa jina lake. Anayekuletea karatasi hii ni Mama Zuhura, yule mwuza vitenge wa Mtwara anayevuka Ruvuma na mizigo yake. Anchia akusomee polepole, ndani ya hema, pasipo na watu. Mkimaliza, ichomeni. Najua huko siku hizi karatasi ya Kiswahili humtia mtu mashakani. Wale wa porini wanahubiri kwa Kiswahili, na baadhi ya askari wa kigeni waliokuja kuisaidia serikali yenu dhidi yao wanaongea Kiswahili vilevile, basi kila upande unakuuliza umejifunzia wapi. Lugha tuliyonyonya na maziwa imekuwa ya kuulizwa vituoni.

Amade alikuja Jumamosi baada ya swala ya alasiri. Hakuja kihuni. Alileta wazee wawili wa kwetu wanaoishi Mbagala, akaleta tende, kahawa, na kile kitambaa cheupe kimekunjwa vizuri ndani ya sinia. Bi Tatu, mwenye nyumba wangu, yule Mzaramo anayekutania kwenye simu kwamba ukija Dar atakuuza sokoni, alitandika mkeka uani na kuwafukuza kuku. Amade alizungumza vizuri. Alieleza jinsi alivyokukuta kambini, mjane unayeheshimika, unagawa chakula kwa haki. Akasema kwetu Mtengula kumetulia tangu askari wageni wafike, soko limefunguliwa, watoto wanasoma chini ya turubai. Anataka kukuoa akurudishe nyumbani, akaezeke nyumba ya mama yetu iliyochomwa, mwishi humo.

Atija, niliposikia maneno hayo niliona ile nyumba. Niliona kibaraza, na ule mteremko wa mchanga unaoshuka hadi kwenye maji. Pia nilikuwa nimekwishasikia sauti uliyonitumia wiki ile ukinieleza habari zake. Ulikuwa unacheka. Sikuwa nimekusikia ukicheka tangu mumeo auawe. Amade alipolisogeza sinia nikanyoosha mikono yote miwili, nikakitwaa kile kitambaa.

Wazee wale walitazamana. Mmoja akasema, "Alhamdulillahi, mzee hana makuu." Hapo ndipo nilipokumbuka, na kitambaa kiko mapajani. Kwetu mkono mmoja ni wa kumpokea mgeni, mikono miwili ni ya kutoa neno. Unapokea posa kwa mkono mmoja, unasema tumesikia, unaomba muda, unauliza ukoo wake na shughuli zake, unamwuliza mwanamke. Mama alinifundisha hayo kabla sijavushwa mto na mjomba wakati wa vita vya Mreno. Lakini hapa mtoto anayepokea kitu kwa mkono mmoja huambiwa hana adabu. Nimekulia hapa, nimezeekea hapa, nimesahihisha chapa za vitabu vya watu kwenye kiwanda cha uchapaji mpaka nikastaafu, na mikono yangu imekuwa ya hapa. Nilitaka kuonyesha heshima, kumbe nimekutoa.

Hata hivyo sikuona balaa. Nilijiambia, ni haraka tu, jambo lenyewe ni la heri.

Jumatatu nikamsindikiza sokoni, maana mgeni wa posa hatembei peke yake. Unajua Kariakoo ilivyo, ingawa umeisikia kwenye simu tu: watu wa Lubumbashi, wa Lilongwe, wa Ngazija, kila mmoja na mzigo kichwani au mkononi, na sisi wazee tunatembea tumeegemea kuta tusije tukaangushwa na mkokoteni. Nilimpeleka kwenye mabati. Akagusa moja, akasema yatafuata baadaye. Nikampeleka kwenye misumari na makomeo. Akasema huko huko yapo. Nilimwonyesha hata masufuria, nikasema Atija anapika kwenye kopo la mafuta. Akacheka, akaniambia, "Mzee, usijali, nyumba itajaa." Hakununua hata kijiko.

Kisha akasema ana shughuli moja Gerezani. Tukavuka barabara ya mwendokasi, tukaingia katikati ya karakana. Huko kuna fundi kijana anayetengeneza mashine za boti, mweusi kwa grisi mpaka masikioni. Alinipa shikamoo nikamwitikia. Mashine za Amade zilikuwa zimekwisha kufungwa kwenye mbao. Kubwa, Atija. Sijaona mvuvi wa kwetu mwenye mashine ya aina ile.

"Mzee, huyu shemeji yako noma," fundi akaniambia. "Mashine hizi ukizifunga kwenye boti ya dagaa, boti inapaa. We bro, huko kwenu mnavua samaki gani wanaokimbia hivyo?"

"Samaki wa kwetu wana haraka," Amade akasema.

"Basi nibebe na mimi. Hapa Bongo nimebaki kuvua shati tu."

Wote wakacheka, nami nikacheka. Nilimtazama Amade akikagua zile mashine kwa mkono mwepesi, kama mtu anayejua kila skrubu ilipo, na yale mabati alikuwa ameyagusa kwa kidole kimoja.

Tulipokaa kunywa chai karibu na uzio wa reli nilimwuliza mashine hizo ni za nini. Nadhani alinijibu wazi kwa sababu alijua nimeshafungwa na neno langu. Hakushusha hata sauti.

"Mzee wangu, wewe ni msomi, tuseme kweli. Wale wageni wanalinda nini? Barabara, gesi, na mji wa wilaya. Ni watu wazuri, wana nidhamu, watoto wanawapenda. Lakini baharini hawana amri. Mbele ya nyumba ya Atija mkondo una kina, boti inaingia hata maji yakiwa yametoka. Mzigo unashuka kutoka kwenye jahazi kubwa huko nje, unapumzika kidogo, unapanda barabara. Nani atamwangalia mama mtu mzima na mumewe mvuvi?"

Nikamwuliza mzigo gani. Akanitazama kama anayemhurumia mtoto. "Unga, mzee."

"Na wale wa porini?"

"Wanapata chao. Ukiwapa chao hawakugusi."

"Ndio waliomchinja mume wake."

"Aliyemchinja pengine ameshauawa. Mambo hubadilika."

"Na serikali?"

"Ipi? Ile unayoisoma kwenye gazeti, au ile inayonipigia muhuri?" Akachovya andazi kwenye chai. "Mliipigia kura, mzee. Nami naiheshimu."

Hilo la kura liliniuma kuliko alivyodhani. Nilikumbuka ulivyonieleza siku uliyopanga foleni kambini tangu alfajiri, na goti lile, kwa sababu ulisema mtu aliyefukuzwa nyumbani kwake asipokubali kufukuzwa na kwenye daftari la wapiga kura, bado ni mtu. Sikudhani kwamba kuna mmoja atakuja kuikalia foleni yako kama kiti.

Tuliporudi nyumbani Bi Tatu alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Haya, bwana harusi, kitanda kiko wapi?"

"Kitanda gani, mama?" Amade akauliza.

"Ala! Mwanamume anaingia nyumba ya mwanamke bila kitanda? Hata sisi Wazaramo, mnaotusema tunaoa kwa ngoma na maneno, kitanda tunaleta. Au utalala juu ya hizo mashine?"

Amade alicheka, akaaga, akaenda gesti yake. Nikamweleza Bi Tatu yote. Wakati huo mwanawe Hamisi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya uani, ametoka hospitali kunywa dawa yake. Sikuwahi kukuandikia habari za Hamisi kwa sababu mama yake huona aibu, lakini sasa amenipa ruhusa. Alikuwa dereva wa lori bandarini, kijana wa watu, msafi. Unga ulimchukua akauza viatu vyake, akauza mlango wa choo, akauza kanzu ya marehemu baba yake. Sasa kila siku ya Mungu lazima aende akanywe dawa mbele ya muuguzi, na asipoifikia anatetemeka mpaka meno yanagongana. Wapo wengi kama yeye, wanalala kwenye vichochoro nyuma ya maduka, na wafagiaji huwagusa kwa ufagio kujua nani amekufa. Mimi nimeishi miaka hii yote mahali njia hiyo inapoishia. Amade anataka ianzie kibarazani kwako.

Bi Tatu hakutania tena. Alimtazama mwanawe, akasema, "Rudisha kile kitambaa."

Nilikwenda kesho yake. Nilimkuta Amade gesti anafunga mabegi, basi la Mtwara linaondoka.

"Nimekuletea kitambaa chako," nikamwambia. "Nilipokea kwa kutojua."

Akaweka mikono nyuma. "Mikono yangu imejaa, mzee."

"Naiona tupu."

"Imejaa shughuli." Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. "Sikiliza, baba. Nyumba ile haina mlango wala paa. Mimi nimeomba kwa adabu, nimeleta wazee, nimeleta kahawa. Atakayekuja baada yangu hataomba. Kwangu dada yako atakula, atavaa, atalala kwao. Wewe unampa nini?"

Nilirudi kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja, kitambaa kwapani kama mtu aliyetoka kununua sanda.

Nikiwa kijana, Atija, katika viwanja vile vile niliona watu wakikusanyika kwa ajili yetu. Wenyeji wa mji huu walileta mahindi, blanketi, nguo za watoto wao, vipelekwe kusini kwa watu wanaopigana na Mreno. Mwanamke mmoja asiyejua hata Ruvuma iko wapi alivua kanga ya juu akaiweka kwenye lundo. Kwa hiyo mimi si mtu wa kusema wageni wasije kusaidia. Waliokuja huko kwenu wameufukuza upanga kutoka mlangoni, na wengine wamekufa, na mama zao hawajui Mtengula iko wapi vilevile. Nasoma kila ninachoweza kuhusu msaada huo: magari, mafunzo, ndege zisizo na rubani, wataalamu wa uchaguzi. Lakini msaada unakuja na ramani yake, na katika ramani hiyo kuna barabara na kuna gesi. Nyumba ya mama yetu haimo. Na wale ambao kazi yao ilikuwa kuionyesha ndio wanaompigia Amade mihuri.

Nilifikiri kutoa taarifa. Nilifika mpaka kwenye geti la ofisi moja mjini, nikasimama, mlinzi akaniuliza, "Mzee, unamtafuta nani?" Nikageuka nikaondoka. Nikiitaja pwani ile, jina litavuka mpaka kabla ya jua kuchwa, na litakaloulizwa ni la mwenye nyumba. Mwenye nyumba ni wewe. Kwetu nyumba hushuka kwa wanawake. Kaka ana neno, hana ufunguo. Kwa hiyo sikutaja. Kama ni hekima au woga, sijui. Ukitaka itajwe, nitumie neno kwa mdomo wa Mama Zuhura, nami nitarudi kwenye geti lile.

Sasa sikiliza linalokuhusu. Wazee wa Mbagala wamenithibitishia kwamba neno la kaka lililofungwa kwa mikono miwili, kaka mwenyewe halifungui. Analifungua mwanamke, kwa kusema sitaki mbele ya wanawake wenzake, na kitambaa kiwekwe chini mbele ya miguu ya aliyekileta. Kwa hiyo Mama Zuhura anakuletea na kitambaa. Usimwite Amade pembeni ukamwambia. Pembeni atakuuliza utakula nini, na swali hilo ni gumu. Mwite siku ya mgao, wanawake wote wakiwa wamekaa, mkunga wetu Bi Muanacha akiwepo. Usitaje mashine wala mzigo. Sema tu hutaki mume. Mwanamke mjane kutotaka mume si kosa popote, na hakumpi mtu sababu ya kukuogopa. Halafu jina lako lisiandikwe kwenye orodha ya wanaorudishwa Mtengula, hata malori yakija na bendera na wapiga picha.

Najua ninachokutaka. Nakutaka ubaki kwenye hema linalovuja na uache kucheka. Mwanamume aliyekutazama ukiwa na umri huu, akakuona mtu, mimi nakuambia alikuwa anatazama mkondo wa maji nyuma yako. Nimeiandika sentensi hiyo mara nyingi na kuifuta. Nimeiacha kwa sababu hakuna njia laini ya kuisema iliyo ya kweli.

Swali lake kwamba nakupa nini, nimelijibu hivi. Bi Tatu anasema chumba cha mbele kimebaki wazi tangu mpangaji ahamie Mbezi, na wewe, Anchia na mtoto mnatosha humo. Najua uliwahi kuniambia hutaki kuzeeka kama mimi kwenye ua wa wenyewe. Sikukasirika, ulisema kweli. Mtu anaishi mji wa watu miaka yote, anasalimiwa, anazikiwa, na bado akiota ndoto anaota maji ya kwao. Lakini anaishi. Mama Zuhura anajua njia ya kuvuka na watu wa kuwaona.

Msalimie Anchia, na umwambie mjomba wake hajasahau kwamba yeye ndiye atakayeishika nyumba ile baada yako. Msalimie shemeji Momade, mdogo wa marehemu, ila asiione barua. Ni mwepesi wa hasira na Amade ana watu. Bi Muanacha, mkunga aliyetupokea sote wawili duniani, mpelekee salamu zangu za kupiga goti, na umwombe akae karibu nawe siku hiyo. Maalimu wa kambi aendelee kumsomea marehemu mumeo, nami hapa kila Ijumaa simsahau. Bi Tatu anakusalimu, na anasema sokoni bei yako imepanda. Hamisi naye, aliyekuwa amekaa karibu wakati naandika, ameniomba niandike kwamba anakusalimu, shangazi.

Na kama Mama Zuhura amecheleweshwa mtoni, na karatasi hii imekukuta tayari uko Mtengula, ndani ya nyumba, naye ni mumeo, basi usimwambie kwamba nimekuandikia. Mwambie kaka anawatakia heri. Lala chumba cha uani, si kile kinachotazama baharini, wewe na Anchia na mtoto. Zikiingia boti, usiwashe taa, usitoke, usihesabu watu. Asubuhi fagia kibaraza kama kawaida.

Ni mimi kaka yako,

Sumaili